Anayekata kitunguu ndiye anayelia

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, naishi Morogoro. Nimeandika hadithi fupi ya kijana anayeitwa Sefu, ambaye mama yake anafariki Mombo wakati yeye yuko Dar anatafuta kazi. Wakati naandika nililia kweli, mpaka nikaacha kalamu. Lakini nimewapa watu wanne waisome, wote wamesema 'nzuri', basi. Mmoja alicheka pale pale nilipotaka alie. Nakosea wapi? Na je, nikiiandika kwa 'mimi' badala ya 'yeye' itagusa zaidi? Hadithi yote nimeambatanisha."

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mlango nimeufunga ili wa nyumbani wasije wakadhani nimechanganyikiwa. Tuanze na aya aliyoichekea rafiki yako, ili na wengine wanaosoma wajue tunaongelea nini:

"Sefu aliposikia habari hizo moyo wake ulipasuka vipande vipande. Machozi yalimbubujika kama mvua ya masika. Alihisi dunia yote imemwangukia kichwani. 'Mamaaa! Kwa nini umeniacha mimi?' alilia kwa uchungu usio na kifani."

Rafiki yako hana roho mbaya. Hebu hesabu. Katika mistari hiyo michache moyo umepasuka, mvua imenyesha, dunia imeanguka na mtu amepiga ukunga. Na hapo tuko ukurasa wa pili kati ya saba. Moyo ukishapasuka ukurasa wa pili, ukurasa wa sita utapasua nini? Ndiyo maana ikabidi umzimishe Sefu makaburini. Amezimia mara mbili, mdogo wangu, mara mbili! Ulikuwa umeshamaliza kila kitu dukani, ukabaki na kuzimia tu.

Hilo la kulia wakati unaandika nalisadiki. Ila chozi la mwandishi halithibitishi kitu. Nenda jikoni ukaangalie: anayekata kitunguu ndiye anayelia, anayekula mchuzi anasifia tu kwamba mtamu. Ulipoandika neno "mama" wewe ulimwona wa kwako, anavyokohoa, anavyokaa akichambua mchele, anavyokuita kwa lile jina ambalo nje ya nyumba yenu hakuna anayelijua. Msomaji aliona herufi nne. Katika vyote ulivyoviona, hakuna hata kimoja kilichoshuka kwenye karatasi. Yaliyoshuka ni machozi. Yaani chanzo cha kilio umebaki nacho mwenyewe, msomaji ukampelekea kilio. Fanya kinyume chake.

Mwaka 1892 Anton Chekhov, daktari na mwandishi wa Urusi, alimwandikia barua mwandishi mwenzake Lidia Avilova, akamshauri kwamba akitaka kumsikitisha msomaji basi yeye mwenyewe awe baridi zaidi, kwa sababu ubaridi ule ndio unaofanya huzuni ya wahusika ionekane. Kwa haraka unaweza kudhani ni ushauri wa mtu asiye na huruma. Lakini Chekhov alikuwa daktari, wafiwa alikuwa anawajua. Nawe kama umewahi kukaa msibani unajua kwamba mara nyingi mfiwa mwenyewe hapigi ukunga. Anauliza sukari imebaki kilo ngapi.

Baba yangu alipofariki mimi nilipewa kushika daftari la michango. Siku mbili nzima nilikaa chini ya mwembe nikiandika majina na fedha, kwa mwandiko mzuri, nikigombana na mjomba mmoja aliyedai ametoa elfu tano wakati mimi niliandika mbili. Sikudondosha chozi. Shangazi zangu wakaanza kunitazama vibaya. Siku ya tatu, wageni wamepungua, nikalifungua daftari kwa mbele ili nijumlishe. Kumbe lilikuwa daftari la baba, mtu alilichukua tu mezani kwake siku ile ya haraka. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wake: "Ijumaa. Mafuta taa lita 1. Dawa ya kuku. Misumari inchi 3, robo kilo." Mbele ya mafuta taa na dawa ya kuku ameweka alama ya vema. Mbele ya misumari hakuna alama.

Mdogo wangu, mimi sikumlilia baba. Nililia misumari.

Nimekusimulia hilo kwa sababu ndilo ninalotaka ufanye kwenye hadithi yako. Mpe Sefu kazi. Misiba yetu imejaa kazi, tena hapo umebahatika kuliko mwandishi wa nchi ambako kampuni inakuja na gari jeusi na kumaliza kila kitu. Huku kwetu kuna kuazima mikeka na masufuria, kuna kufunga turubai, kuna kutafuta mtu mwenye pikipiki awahi kuwapa habari walioko shamba, kuna kumpokea mgeni aliyetoka mbali na kumwonyesha choo kilipo. Mtoto wa marehemu hakai pembeni kupasuka moyo, watu wanamwita kila dakika. Katikati ya kuitwa huko, mkono wake ukagusa kitu. Hicho kitu tutakirudia, maana unacho tayari na hukujua.

Kwanza lakini tuseme hili, maana nadhani ndilo kosa kubwa kuliko hata ile mvua ya masika. Kwenye ukurasa wako wa kwanza kuna sentensi moja: "Jumapili mama alimbipu mara tatu lakini Sefu hakumpigia kwa sababu hakuwa na hela ya kumtumia." Ukaandika hiyo, ukapita mbio kwenda kwenye kilio. Mimi nilisimama hapo. Kwamba kijana anasikitika mama yake akifa, hilo si habari, kila msomaji alishalijua kabla hajafungua ukurasa. Asilolijua ni Sefu huyu alifanya nini Jumapili simu ilipoita mara moja na kukata. Aliiweka kifudifudi? Aliambiwa na mwenzake wa chumba "unabipiwa huko" akajibu "namba siijui"? Huzuni peke yake inakaa tu kama maji ya mtungini. Tia aibu ndani yake uone inavyochemka. Sefu hana huzuni tu, ana deni la simu tatu, na anayemdai hayupo tena.

Usilieleze hilo deni. Usiandike "Sefu alijuta sana". Mlete shangazi, mtu mwema asiyejua kitu, amwambie huku anamenya vitunguu: "Jumapili alikuwa anataka kukusikia tu. Alisema atakubipu. Ulimpata?"

Halafu Sefu ajibu: "Nilimpata."

"Alhamdulillahi," aseme shangazi, aendelee na vitunguu.

Ishia hapo. Msomaji wako atakaa na uongo ule mpaka mwisho wa hadithi, na kila mtu atakayempa Sefu pole atakuwa anamwongezea mzigo. Huhitaji kumzimisha mtu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo naona vijana wengi wanaoandika kwa Kiswahili mnalikalia tu kama mtu aliyekalia sanduku la fedha akidhani ni kiti. Mnatafuta hisia kwenye vivumishi na tamathali, "uchungu usio na kifani", "simanzi nzito", wakati lugha yenyewe imezificha kwenye viungo vidogo vya kitenzi. Sikiliza simu ya alfajiri. Mama amefia hospitali, Sefu yuko stendi ya Mbezi anangoja basi, anampigia mjomba:

"Mjomba, mama anatoka hospitali saa ngapi?"

"Mwili unatoka saa nne."

Umeona? Hakuna aliyelia. Lakini mama ameingia kwenye sentensi akiwa "a" na ametoka akiwa "u". Usiku mmoja ameondolewa kwenye kundi la watu akawekwa pamoja na mti na mkeka. Mjomba hana kosa, ndivyo tunavyosema sote. Jana alikuwa mama Sefu, leo ni "marehemu", ni "mwili". Sasa mfanye Sefu akatae. Siku nzima watu wanasema "mwili uoshwe", "mwili upite huku", na yeye kila akifungua mdomo anasema "mama apite huku". Usimweke mtu wa kueleza kwamba Sefu anakataa. Mwache aseme hivyo mara tatu, nne, halafu jioni, watu wakirudi kutoka mazikoni, jirani amuulize kitu naye ajibu kwa mara ya kwanza: "Marehemu alikuwa ameshalipa." Msomaji wa Kiswahili atalisikia hilo kifuani, na hatajua limeingilia mlango gani.

Au chukua ile "ja" ya kukanusha. Mke wa mvuvi, dau la mumewe limepotea mwaka wa tano huu. Kijiji kizima kinasema "hakurudi". Yeye anasema "hajarudi". Silabi moja, na ndani yake kuna mwanamke anayepika chakula cha mtu mmoja zaidi. Lugha nyingine zingehitaji maneno zaidi kulisema hilo. Wewe unalipata bure, halafu unakwenda kukopa mvua ya masika.

Na nyakati zetu hivyo hivyo. Mtu aliyefiwa wiki iliyopita atasema "mama hapendi chai ya majani mengi" halafu anyamaze, ajirekebishe, "alikuwa hapendi". Ile "ka" ya kusimulia nayo, "akaamka, akaoga, akafunga mlango, akaenda", ni mguu wa mtu anayetembea. Ukitaka msomaji ashtuke, mguu usimamishe ghafla. Hujaitumia hata mara moja kwenye kurasa saba, sijui nani aliwaambia kwamba "ka" ni ya ngano za watoto.

Halafu mapenzi. Sefu wako anamwambia mama kwenye simu, "Nakupenda sana mama yangu." Nina mashaka. Wapo wanaosema, sikatai, hasa siku hizi. Lakini mama wa Mombo unayemchora, mwenye genge la nyanya, naona simu yake inaisha hivi: "Haya, usimalize vocha yako." Huyo ndiye anayempenda mwanawe. Mapenzi yetu mengi hupitia upande, hujificha kwenye vocha, kwenye "funga dirisha usiku", kwenye ugomvi kuhusu kula. Hili si jambo la leo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa kisiwa cha Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi, na mapema kabisa anamtaka binti asogee, aje na wino na karatasi. Kinachofuata kwa sehemu kubwa ni mawaidha: dini, adabu, namna ya kuishi na mume na kuweka nyumba. Ukisoma harakaharaka utaona mama mkali anatoa amri. Ukikumbuka kwamba anayesema anajiona anaondoka, kila amri inageuka kuwa mkono unaomshika mtoto mara ya mwisho. Neno la kuaga amelivisha nguo ya kazi za nyumbani.

Usiogope kicheko pia. Hadithi yako haina hata mstari mmoja wa kuchekesha, ni giza kuanzia juu mpaka chini, na jicho la msomaji hulizoea giza. Kwenye misiba yenye watani umewaona wanavyofanya: mtu anavaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake, anadai pesa ndipo kaburi liendelee kuchimbwa, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na katikati ya kicheko mmoja anakumbuka kwamba ule mwendo hauonekani tena barabarani. Anayelia hapo analia kuliko aliyekuwa analia tangu asubuhi. Mama Sefu anatakiwa atuchekeshe ukurasa wa kwanza. Awe mbishi, apunje nyanya kidogo. Marehemu wote kwenye hadithi zinazonijia mezani ni watakatifu, na mtakatifu hana anayemkosa, maana hakuna aliyewahi kugombana naye.

Sasa kile kitu.

Ukurasa wa kwanza, aya ya tatu, umeandika kwa kupitia tu: "Mama alipenda kusikiliza redio na mara nyingi alizianika betri zake juani ili zipate nguvu." Nadhani uliijaza tu hapo, ukitaka tujue kwamba ni maskini. Mimi niliweka hadithi chini. Sote tumeziona hizo betri zimepangwa ukingoni mwa kibaraza, zimeshakufa, zinaanikwa zipate tena roho ya nusu saa, taarifa ya habari iishe. Ni kitu chenye ukaidi na matumaini na umaskini kwa pamoja, tena kinachekesha kidogo. Kimetoka nyumbani kwenu, sina shaka. Sasa kanga yenye harufu ya mama iliyoko ukurasa wa tano itoe. Kila hadithi ya msiba ninayoletewa ina kanga yenye harufu ya mama, na nina hakika baadhi ya waandishi hao mama zao wanavaa madera. Betri hizi hazina mwenyewe mwingine.

Ila kitu hakiwezi kubeba uzito siku ya msiba kama hakikutembea bure kabla. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza tupe dakika moja ya betri tukiwa tunacheka. Sefu amerudi likizo, mama anamtuma akazigeuze. "Zimeiva upande mmoja tu hizo, zigeuze." Sefu anamwambia mama hizo si samaki. Mama anamwambia, wewe umesoma lakini redio ni yangu. Tosha. Usiziguse tena mpaka siku ya mazishi, na siku hiyo nimejaribu hivi, uone tu namna, usininakili:

"Mjomba akamwita. Watu wa Korogwe wameshuka, hawana pa kukaa, kile kibaraza cha nyuma kisafishwe. Sefu akachukua ufagio. Akaondoa ndoo, akaondoa kinu, akalisogeza karai la dagaa. Ukingoni palikuwa na betri nne, zimepangwa. Hakuna aliyezigusa tangu juzi. Akaishika ya kwanza ili aiweke kwenye ndoo pamoja na takataka. Ilikuwa ya moto. 'Sefu!' mjomba aliita. 'Tayari?' 'Bado kidogo,' alisema Sefu. Akaigeuza, akairudisha palepale. Akaigeuza ya pili. Akaigeuza ya tatu."

Sijaandika kwamba alilia. Sijaandika moyo. "Akaigeuza" nimeirudia kwa sababu mikono ya mtu katika hali ile hurudia, na nimeacha betri ya nne. Wewe ukiona igeuzwe, igeuze, ila isome kwa sauti kwanza.

Swali lako la "mimi" na "yeye" nisilisahau. Halina uzito ulioupa. "Mimi" humkaribisha msomaji, lakini kwa mwandishi anayependa kueleza hisia zake ni hatari, maana utaanza "nilihisi", "nilihisi", "nilihisi" mpaka mwisho. Baki na "yeye" kwenye hadithi hii. Pia ule uongo kwa shangazi unauma zaidi tukimtazama Sefu kwa nje.

Sasa utaniuliza kama Sefu haruhusiwi kulia kabisa. Anaruhusiwa. Mara moja, kwa kuchelewa, na ikiwezekana kwa sababu isiyo yenyewe: amekanyaga mwiba, amenyimwa chenji na kondakta wakati anarudi Dar.

Jambo la mwisho ni aya yako ya mwisho, inayoanza "Tangu siku hiyo Sefu alijifunza kwamba mama ni dhahabu, nasi sote tuwathamini wazazi wetu wakingali hai." Najua imetoka wapi, imetoka kwenye insha za shule, ambako usipotia funzo mwalimu anakata alama. Humu hakuna anayekata alama. Ifute. Na ile ya kabla yake, anaporudi Dar na kupata kazi, ifute pia. Nitumie ukishaiandika upya, na uniandikie pembeni mama alikuwa anasikiliza kipindi gani saa hiyo ya jioni, maana hukutuambia.